Kadi Iliyotundikwa Visiga

Kaka yangu mkubwa alimleta fundi mwenye drili atoboe ukuta wa sebule yake, Visiga, ili atundike kadi ndogo kama kitambulisho cha kupigia kura. Kwanza alikuwa ameipeleka kwa watu wa steshenari wakaifanyia laminesheni. Kisha akaona plastiki peke yake haina heshima, akaichongeshea fremu ya mninga yenye kioo na nakshi za rangi ya dhahabu, fremu ya kutosha picha ya maharusi na wasimamizi wao. Kadi ikakaa katikati, juu ya kitambaa chekundu cha velveti, kama jino moja lililobaki kwenye fizi.

Ilikuwa kadi ya baba. Alipewa siku aliyoruhusiwa kutoka hospitalini India, alikokwenda kubadilishiwa mlango wa moyo. Upande wa mbele kulikuwa na jina lake, aina ya mlango aliowekewa na tarehe. Upande wa nyuma kulikuwa na mistari michache ya Kiingereza, mambo ambayo mtu mwenye mlango wa namna hiyo hatakiwi kuyafanya bila kwanza kumuuliza daktari. Muuza karanga yeyote wa stendi angekwambia kwamba kadi kama hiyo hukaa mfukoni mwa mwenye moyo. Kaka aliupaka gundi upande wa nyuma, akaubandika kwenye velveti, na hapo ile mistari ikawa haisomwi tena na mtu yeyote.

Baba mwenyewe hakuwa akiishi Visiga. Alikuwa Vihingo, Kisarawe, na ng'ombe wake. Kwa hiyo moyo ulikuwa wilaya moja na kadi yake wilaya nyingine, na baina yao barabara ya vumbi ambayo kaka alikuwa akiipita mara chache, tena kwa kulalamika kuhusu springi za gari.

Nimeanza na kaka kwa sababu ndiye rahisi kumdharau. Ni msimamizi katika kiwanda kimoja Zegereni, na huvaa ile kofia ngumu ya kiwandani hata anapokwenda kununua mkate. Akiongea na simu husimama. Wengine nitawafikia. Mimi nimejiweka mwisho, na msomaji akiona nachelewa kufika kwangu, ajue ni makusudi.

Dharau hii sikuiokota njiani, nimeirithi kwa baba. Sisi ni Wasukuma, tulishuka huku Pwani na ng'ombe nilipokuwa darasa la nne, na baba katika maisha yake yote sijamsikia akitukana mtu. Hakuwa na haja. Mtu akimsifia ng'ombe wake mbele ya baba, labda dume jipya alilolinunua mnadani, baba angelizunguka lile dume polepole, angelitazama kwato, pembe na nundu, kisha angesema, "Mkia anao." Ndiyo sifa pekee angepata. Mwenye dume angeondoka akiwa hajui kama ametukanwa, na sisi watoto tungekimbilia nyuma ya zizi kucheka.

Alipoanza kuishiwa pumzi alificha. Akitoka kisimani alikuwa akisimama katikati ya njia akijifanya anatazama mawingu. Siku moja alianguka mnadani, mbele ya watu na ng'ombe, na hilo halikuweza kufichwa. Madaktari wa Dar walisema mlango mmoja wa moyo wake umekakamaa, damu inapita kwa kubanwa, na kwa umri wake hawatathubutu kumfungua kifua. Kuna njia nyingine, walisema. Mrija unapitishwa kwenye mshipa wa nyonga, unapanda mpaka moyoni, na mlango mpya unafunguliwa ndani ya ule wa zamani kama mwavuli. Ndugu na marafiki wakachanga, tukaenda. Mimi nilichaguliwa kumsindikiza kwa sababu nafanya kazi ofisi ya serikali Kibaha na Kiingereza ninakijua, jambo ambalo nilihakikisha kila mtu kwenye ndege amelifahamu.

Daktari bingwa kule alikuja kitandani na wanafunzi wake, akatueleza kwamba mlango wenyewe umeshonwa kwa utando unaozunguka moyo wa ng'ombe. Nilimtafsiria baba. Akajiinua akakaa.

"Muulize ng'ombe wa rangi gani."

Nilimuuliza kwa aibu. Daktari akacheka, akasema hajui.

"Muulize alikuwa wa maziwa au wa nyama."

Hajui.

"Alikufa au alichinjwa?"

Daktari akatazama saa, akasema mambo hayo yanajulikana kiwandani. Baba alimwangalia yule bingwa kuanzia viatu hadi miwani, taratibu, nami nikajua kinachokuja.

"Mkia anao," akasema, akalala.

Operesheni ilikwenda vizuri. Siku ya tatu alikuwa anatembea kwenye korido na kuwakosoa wauguzi kwa namna wanavyotandika mashuka. Kwenye nyonga alibaki na kakovu kadogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kifuani hakuna kitu.

Tuliporudi, kaka akaandaa sherehe ya kumshukuru Mungu nyumbani kwake. Maturubai mawili, viti vya plastiki vilivyovalishwa nguo, spika kubwa kuliko jokofu, na MC aliyelipwa ili apige kelele. MC akamwomba baba, mbele ya wachungaji, mashehe na majirani wote wa Visiga, asimame awaonyeshe watu kovu la miujiza. Baba akachukua kipaza sauti akasema kovu liko kwenye nyonga, kama MC anataka atavua suruali. MC akageukia habari ya chakula.

Kabla ya chakula nikaitwa niisome kadi. Nilivaa gauni la kitenge lenye mabega yaliyosimama, na miwani ambayo siihitaji sana. Nikasoma kwa Kiingereza, polepole, kila neno nikilipa nafasi lijisikie, halafu nikatafsiri. Watu walikuwa wanaitikia kwa vichwa kama wanaelewa Kiingereza. Nikageuza upande wa nyuma. Mstari wa kwanza, wa pili. Wa tatu ulisema kwamba kabla ya kung'olewa jino au kutibiwa fizi, mwenye kadi amwone daktari apewe kwanza dawa ya kuua vijidudu. Nikaurukia wa nne. Pilau ilikuwa inapakuliwa na mimi nilikuwa nimeanza kuona watu wanatazama sufuria badala ya kunitazama mimi.

Baba hasomi Kiingereza, lakini hakuna ng'ombe aliyewahi kupotea katika kundi lake bila yeye kujua. Alikuwa amekaa karibu yangu, macho yake kwenye kidole changu.

"Umeruka mmoja," akasema.

"Huo ni wa meno tu, baba."

MC akadaka, akasema kwenye spika kwamba mzee ana meno mangapi hata asomewe habari za meno, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi pia nilicheka. Baba hakucheka. Alisema tu, "Wa meno," kama mtu anayemwekea mnyama alama sikioni, akaendelea kusikiliza.

Wiki moja baadaye kadi ikaenda steshenari, ikaenda kwa seremala, ikapanda ukutani.

Huko Vihingo baba hakuaminiwa. Wazee wenzake, wafugaji na wakulima aliozeeka nao, walimvua shati pale kwenye josho la mifugo, wakamgeuza huku na huku. Walikuwa wanamjua mtu aliyepasuliwa tumbo, kovu lake refu kama mjusi. Wakauliza, moyo gani unatengenezwa bila kuacha alama? Wakakubaliana kwamba watoto wake walimpeleka kutembea India, wakampiga sindano ya usingizi, wakamrudisha. Baba, ambaye hajawahi kujali anachosema mtu, hili lilimuuma. Alikuja Visiga makusudi kuomba kadi yake akawaonyeshe.

"Baba, kule porini itapotea," kaka akamwambia. "Mchwa, mvua, vumbi. Hapa iko salama. Anayetaka kuiona aje Visiga, tutampa na soda."

"Moyo uko kule porini," baba akasema.

"Moyo uko ndani ya mwili, baba, hauwezi kupotea."

Kaka aliona amejibu kwa akili sana. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nakula. Baba alikunywa chai yake, akaitazama fremu ukutani kwa muda mrefu, akarudi alikotoka. Moyoni nilisema kaka ni mjinga, na nikaridhika na kazi hiyo ya kulisema moyoni.

Ulipita mwaka na nusu wa afya. Kisha gego la chini likaanza kumsumbua, akalivumilia kama anavyovumilia mambo, mpaka shavu likavimba, akaenda kung'olewa katika zahanati ndogo karibu na mnada. Siku hiyo nitairudia. Wiki kama tatu baada ya hapo, homa ikaanza.

Ilikuwa homa ya adabu mwanzoni. Ilikuja jioni, ikamtetemesha kidogo, ikamlowesha jasho, asubuhi ikaondoka. Alikwenda duka la dawa. Muuzaji ni kijana aliyevaa koti jeupe linalomzidi mabega, ambaye elimu yake ya tiba sijaweza kuifahamu hadi leo. Akamtoboa kidole, akakitazama kipimo chake cha plastiki, akasema ni malaria. Dawa ya mseto. Homa ikarudi. Akasema sasa ni taifodi. Homa ikarudi tena. Akasema basi ni UTI sugu. Katika nchi yetu hawa watatu ni ndugu wa tumbo moja, ukimkosa huyu utampata yule, na mgonjwa hawezi kutoka dukani mikono mitupu. Baba alipomwambia kwamba ana mlango wa ng'ombe moyoni, kijana alimjibu kwa upole kabisa.

"Mzee wangu, usijitishe na mambo ya moyo. Hii yako ni UTI tu, haina noma. Nakupiga sindano tano, unarudi kwenye chati."

Alimpiga sindano tano. Homa ikapungua, na kijana akapata sifa kijiji kizima. Baada ya siku kumi ikarudi na hasira. Akampiga nyingine tano. Hivyo ndivyo miezi miwili ilivyopita, kijana akipiga na homa ikipumzika, na kila sindano, kama tulivyokuja kuambiwa, ilikuwa inawanyamazisha wadudu bila kuwaua, ili daktari wa kweli atakapowatafuta asiwapate.

Kaka alipoarifiwa alituma katoni ya juisi ya rozela ya kuongeza damu, na wifi akaongeza bitiruti. Kwenye simu, akiwa amesimama bila shaka, akaniambia mzee amechoka tu, uzee hauna dawa. Mimi nilikubali. Ilikuwa kipindi cha bajeti ofisini, na neno "uzee" lilinifaa.

Nilikwenda Vihingo Jumamosi moja asubuhi, nikiwa nimejiandaa kugomba. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya zizi, amejifunika blanketi juani. Ng'ombe walikuwa bado ndani. Hilo ndilo lililonishtua, maana saa nne ya asubuhi ng'ombe wa baba huwa wako mbali. Nilimwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Ananiita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Shati lilikuwa limening'inia kama limeanikwa. Alinipa mkono, nikaona chini ya kucha zake vistari vyeusi vyembamba, kama vibanzi vilivyoingia. Nilidhani ni uchafu wa zizi, na nilikaribia kumwambia anawe.

"Nikuulize kitu," akasema. "Ng'ombe akiwa na homa, hakohoi, haharishi, malisho anayo, lakini kila jua likizama anatetemeka. Sisi tunafanya nini?"

"Sijui, baba."

"Unajua, ila umesahau. Tunatafuta kidonda. Tunamlaza chini tunamtafuta kuanzia kwato mpaka mdomoni, kwa sababu kuna mahali uchafu umeingilia. Sasa mimi huyu kijana ananipiga sindano tu. Hakuna aliyenitafuta kidonda."

Aliposema mdomoni, mkono wake uligusa shavu. Aligusa kidogo tu, akautoa. Nilimwambia tusiongee mambo ya ng'ombe, avae viatu twende Dar. Nilisema kwa ukali. Nilijua tayari, lakini ukali unasaidia kuchelewesha.

Hospitali ya Dar alipokelewa na daktari wa kike, mdogo kwa umri kuliko mtoto wangu wa kwanza. Nikajiandaa kumdharau naye, sikupata nafasi. Alimsikiliza baba moyo kwa muda mrefu akiwa amefumba macho. Akatazama kucha. Akatazama nyayo. Akauliza, "Mzee, umewahi kufanyiwa kitu chochote cha moyo?" Baba akamwonyesha nyonga, na daktari hakuuliza kovu la kifuani liko wapi. Aliuliza kadi iko wapi.

Kaka akapigiwa simu. Fundi aliyetundika fremu alitumia skrubu na gundi ya tangi, ile ya kuungia mabomba, ikawa haichomoki. Ikabidi aitwe tena. Baada ya saa kadhaa kaka akaingia wodini, kofia ngumu kichwani, ameikumbatia fremu nzima kifuani, kioo kikielekea mbele, na vipande vya lipu vikidondoka. Namna hiyo ndiyo watu hubeba picha ya marehemu mbele ya jeneza. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimlisha mumewe uji akasimama kwa heshima.

"Nani kafa?" baba akauliza.

Daktari aliomba kuona upande wa nyuma. Kaka akapasua fremu kwa ufunguo wa gari, akabandua kadi, nayo ikatoka na manyoya mekundu ya velveti yameganda juu ya maandishi yote. Daktari akakaa kwenye ukingo wa kitanda akiyakwangua kwa ukucha, mstari mmoja mmoja. Nilimwona anafika wa tatu.

"Mzee, karibuni umeng'olewa jino?"

Sasa nimefika kwangu.

Siku ile ya jino, tabibu wa ile zahanati alimuuliza baba kama ana ugonjwa wowote, presha au sukari. Baba akasema ana mlango wa ng'ombe moyoni. Tabibu akamfungua vifungo, hakuona kovu, wakacheka na msaidizi wake. Baba akasema, subirini kwanza, kwenye kadi kulikuwa na mstari wa meno, nimpigie binti yangu anayejua kusoma. Akanipigia. Nilikuwa kwenye kikao ambacho leo sikumbuki kilihusu nini. Nilitoka mlangoni nusu mwili.

"Mama, nataka kung'oa jino. Ule mstari wa meno ulisemaje?"

Nimejaribu kujiambia kwamba nilisahau. Sikusahau. Niliusikia mstari wenyewe kichwani, kwa Kiingereza chake. Lakini nilikuwa na haraka, na niliona aibu wenzangu wasikie nazungumza habari za magego na mzee wa porini, na nilimwona baba kama mtu anayezidisha mambo. Nikamwambia, "Jino si moyo, baba. Wewe ng'oa, niko kikaoni." Nikakata. Nilirudi kwenye kiti nikitabasamu, kwa sababu niliona nimesema kitu kizuri.

Na sasa daktari alikuwa anasubiri jibu, kaka amesimama na fremu iliyopasuka mkononi, na mimi nimeshika chupa ya chai.

"Niling'oa," baba akasema.

"Hukumuuliza mtu? Imeandikwa hapa, mzee. Ulitakiwa upewe dawa kwanza."

Baba hakunitazama. Angenitazama hata kidogo, ningesema. Napenda kuamini hivyo.

"Sikumuuliza mtu," akasema. "Mimi ni mkaidi. Na kadi ilikuwa ukutani kwa huyu."

Kaka akaanza kulia palepale, kwa sauti, kofia kichwani. Mimi nilimmiminia baba chai.

Vipimo vilifuata. Damu ilioteshwa maabara mara tatu kutafuta wadudu, haikuota kitu, kwa sababu ya sindano za yule kijana. Wakampitishia kamera kooni wakauona mlango kwa nyuma, na juu yake kitu kimeota, kinacheza kila moyo ukipiga. Daktari alitueleza kwa Kiswahili safi kwamba hii ni ajali inayoweza kumpata mtu mwenye mlango wa kupandikizwa hata miaka baada ya operesheni, kwamba huenda wadudu waliingilia kwenye jino, na huenda ni kwingine, hakuna anayeweza kuapa. Ile "huenda" niliidaka kama MC anavyodaka maneno ya watu. Nilikaa nayo wiki zote sita ambazo baba alikuwa akiingiziwa dawa kwenye mshipa. Nilikuwa naitoa nikiwa peke yangu, naipangusa, naitazama. Haikuwahi kung'aa.

Wadudu walikufa. Mlango ulibaki umetoboka, na sasa unavuja. Daktari alisema kuurudia haiwezekani, baba hana nguvu hizo tena. Tumepewa vidonge vya kupunguza maji, tukaambiwa tumpe raha. Alikataa kukaa Visiga na alikataa kukaa kwangu. Yuko Vihingo, miguu imevimba, analala amekaa kwa kuegemea mito mitatu, na asubuhi anawahesabu ng'ombe wakitoka kwa kunyoosha kidole bila kusimama.

Kaka amebadilika, na mabadiliko yake yananichosha kuliko ujinga wake wa mwanzo. Kila Jumapili anapita ile barabara bila kutaja springi. Alichinja mbuzi, akapiga magoti mbele ya ukoo mzima, akasema ni yeye aliyemuua baba, na baba yuko hai anasikiliza. Anamwambia kila mtu, kanisani, kiwandani, kwa jirani. Ndugu wamemchukia. Shangazi hapokei simu yake. Mara mbili nimeombwa na ndugu nimsemee kaka neno gumu kwa niaba ya wote, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Mara zote mbili nimesema neno gumu.

Jumapili iliyopita tulikuwa sote watatu pale nje ya zizi, mchana. Kadi sasa iko shingoni mwa baba, kaka ameitoboa akaitia kamba ya kitani, inaning'inia kifuani kama kengele ya ng'ombe kiongozi. Manyoya mekundu bado yamo pembeni. Wale wazee wa josho wameshaiona, wameshaishika, wameamini. Baba akaivua akanipa.

"Nisomee," akasema. "Upande wa nyuma. Wote, kwa Kiswahili."

Nikasoma mstari wa kwanza. Nikasoma wa pili. Kaka alikuwa amekaa chini, ameinamisha kichwa, anachora udongo kwa kijiti, anaungoja wa tatu kama mtu anayengoja fimbo. Nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nitausoma, na nikimaliza kuusoma nitasema siku ile ya jino aliyeulizwa ni nani, na alijibu nini. Kidole changu kilikuwa juu yake. Nikafungua mdomo.

Baba aliweka mkono wake uliovimba juu ya mkono wangu.

"Hapo ruka, mama," akasema. "Hapo ni pa meno tu."

Nikaruka.